Seva inayokula memori: niliyojifunza kwenye kuwinda liki za C na C++

Wakuu, hii naiandika kwa ajili ya mtu mwenye seva ya C au C++ ambayo inafanya kazi vizuri kabisa, majibu yanatoka haraka, haikrashi, ila ukiangalia memori inapanda tu, leo kidogo, kesho kidogo tena, mpaka siku keneli inaamua kuiua. Nimeishi na seva za namna hiyo kwa muda mrefu na kuna jambo moja nataka nilitangulize maana ndo lilinisaidia kuliko zana yoyote: liki (memori inayochukuliwa bila kurudishwa) nyingi za seva sio memori iliyopotea. Ni memori ambayo programu bado imeishika, inajua ilipo, ila haina tena mpango wowote wa kuitumia. Ukienda kuwinda iliyopotea utapata ripoti safi kabisa na seva itaendelea kufa.

Ila kwanza uhakikishe kweli memori ndo inayoiua. Seva ikitoweka ghafla bila kuacha hata mstari mmoja kwenye logi, angalia `dmesg`, yaani ujumbe wa keneli. Ukikuta "Out of memory: Killed process" na namba ya prosesi yako basi jibu unalo, na kama ilikuwa ndani ya kontena mara nyingi utaona imetoka na kodi 137, yaani 128 kujumlisha 9, signali 9, SIGKILL. Hiyo signali programu haiwezi kuidaka, ndo maana logi iko kimya, haikupewa hata nafasi ya kusema kwaheri.

Alafu angalia namba sahihi. Watu wengi wanashtuka na VSZ, wanaona seva ina giga nane wanapiga kelele, kumbe VSZ ni anwani tu zilizotengwa, sio RAM iliyoliwa. Kwenye Linux ya biti 64 malloc (fankisheni ya kutenga memori) ya glibc, maktaba ya kawaida ya C, inaweza kufungua arena, yaani mafungu ya memori, mpaka mara 8 ya idadi ya kori, na kila arena ya thredi inatenga anwani za MB 64 hata kama imetumia kidogo tu. Mashine ya kori 16 yenye thredi nyingi inaweza ikafika karibu GB 8 za anwani na hakuna kilichovuja. Piga `pmap` utaziona, vipande viwili viwili vimekaa jirani, ukivijumlisha vinatoa 65536K, kimoja kinaandikika na kingine kimefungwa. Mimi naangalia RssAnon (RAM halisi iliyoshikwa na data ya programu yenyewe) kwenye `/proc/PID/status`, kwasababu RSS nzima (RAM yote ya prosesi) inachanganya na mafaili yaliyopachikwa kwenye memori, na hayo keneli ikibanwa inayaachia yenyewe.

Sasa grafu. Seva yoyote ikiwaka inapanda, inajaza kashe, inafungua koneksheni za database, thredi zinaanza kuguswa moja moja, hiyo ni kawaida. Ikifika mahali ikalala, huna liki. Kinachotakiwa kukutisha ni mstari unaopanda kwa mwinuko ule ule baada ya joto la mwanzo kuisha. Na hapo usikimbilie kufungua kodi, uliza swali moja: inapanda kwa sababu ya nini, muda au kazi? Kata trafiki yote uiache seva ikae tupu. Ikiendelea kupanda basi mtuhumiwa ni taima, thredi ya nyuma, kitu kinachopiga ukaguzi kila sekunde chache. Ikisimama basi ni rikwesti ndo zinaacha kitu nyuma, na hapo ndo raha inaanza maana unaweza kugawanya.

Kugawanya ndo silaha yangu ya kwanza mpaka leo. Unarusha rikwesti za aina moja, nyingi, idadi unaijua, unaangalia RssAnon kabla na baada, unagawa. Ile namba inayotoka, baiti kwa rikwesti, ni kama alama ya kidole. Nikupe mfano mmoja kwa ukaribu. Moja ya seva nilizokuwa nazisimamia ilikuwa inapokea rikwesti na kuzipeleka kwa seva zingine nyuma yake. Tukiipiga na rikwesti nzuri grafu inalala kabisa, unaweza kuiacha usiku mzima haitikisiki. Ila kwenye prodakisheni inapanda. Tofauti ni kwamba kwenye prodakisheni vitu vinafeli, seva ya nyuma inazimwa, inakataa koneksheni, na testi yetu haikuwa na kufeli hata kumoja. Tulipozima ile ya nyuma makusudi na kurusha rikwesti, ikapanda, na ukigawanya unapata takriban baiti 240 kwa kila rikwesti iliyofeli. Kodi yenyewe ilikuwa hivi, nimeifupisha:

```
if (getaddrinfo(host, port, NULL, &res) != 0) return -1;
fd = socket(res->ai_family, res->ai_socktype, res->ai_protocol);
if (connect(fd, res->ai_addr, res->ai_addrlen) < 0) {
    close(fd);
    return -1;
}
freeaddrinfo(res);
return fd;
```

Angalia mstari wa `close(fd)`. Aliyeandika alikumbuka soketi, ila `res` ikabaki. Na ile 240 inaelezeka mpaka baiti ya mwisho: ukiita getaddrinfo (fankisheni inayobadilisha jina la seva kuwa anwani) na NULL pale kwenye hints, yaani hujachagua aina ya soketi, na poti ni namba, kwa anwani moja ya IPv4 inakurudishia vitu vitatu, stream, dgram na raw. Kila kimoja glibc inakitengea struct ya baiti 48 pamoja na anwani ya baiti 16, jumla 64, malloc inaongeza baiti 8 zake za kumbukumbu na kukipandisha mpaka kizidishe cha 16, inakuwa 80. Mara tatu, 240. Siku nilipoona hesabu imegonga vile nilifurahi sana aisee, kwasababu hapakuwa tena na kubahatisha, ile namba ilikuwa imetuambia njia ipi tusome.

Na hapo kuna fundisho nalishikilia: njia ya makosa ndo inapovuja. Zile `return` za katikati ya fankisheni, `goto` iliyoruka mstari mmoja wa usafi, `p = realloc(p, n)` ambapo realloc ikifeli inarudisha NULL na umeshaipoteza pointa ya zamani ambayo bado iko hai. Kama testi zako za mzigo zinarusha rikwesti nzuri tu, hujapima liki, umepima spidi. Changanya rikwesti mbovu, zilizokatwa katikati, zenye hedi ndefu kupita kiasi, klaienti anayefunga soketi kabla hajajibiwa.

Tuje kwenye Valgrind, zana ya kuchunguza memori ya programu, maana kila mtu anaanza nayo, na ni zana nzuri mno, ipo tangu 2002 na bado naipenda. Memcheck yake inafanya programu iende taratibu mara 20 mpaka 30 hivi, na thredi zinakwenda moja kwa wakati, kwahiyo usitegemee tabia ya prodakisheni. AddressSanitizer ni nyepesi zaidi, karibu mara 2 tu, ila inabidi ukompaili upya na `-fsanitize=address`, na kwenye Linux inakuja na LeakSanitizer ndani yake. Zote mbili zinafanya kitu kinachofanana mwishoni: programu ikitoka, zinapita kwenye memori kuangalia kila kipande kilichotengwa kama bado kuna pointa inayokifikia. Kisichofikika ni "definitely lost". Kinachofikika bado, Valgrind inakiita "still reachable" na kwa kawaida haikionyeshi kwa undani, na LeakSanitizer haikihesabu kabisa kama liki.

Sasa fikiria seva. Kwanza nyingi hazitoki, zinauliwa, na SIGTERM (signali ya kuiomba programu izime) isiyoshughulikiwa haipitii destrakta yoyote, yaani kodi ya usafi ya objekti, kwahiyo lazima uandike njia safi ya kuzima kabla hata zana hazijakusaidia. Alafu ukishaandika hiyo njia safi, ile mapu (jedwali) yako kubwa ya sesheni iliyojaa sesheni laki kadhaa zilizokufa, inafutwa vizuri na destrakta yake wakati wa kuzima, kila kitu kinarudishwa, na ripoti inasema sifuri. Sifuri kabisa! Zana haijadanganya, mwisho wa programu kweli hakuna kilichopotea. Ila mwisho wa programu sio mahali ambapo tatizo lako linaishi, tatizo linaishi katikati, seva ikiwa hai.

Kwahiyo uliza ikiwa hai. Valgrind kuanzia toleo la 3.7 ina mlango wa kuongea nayo programu ikiendelea: unairusha seva chini yake, kwenye dirisha lingine unapiga `vgdb leak_check full reachable increased`, unarusha rikwesti, unapiga tena, na inakuonyesha kilichoongezeka tu tangu mara iliyopita pamoja na vile ambavyo bado vinafikika. Hili neno `increased` watu wengi hawalijui na linabadilisha kila kitu. Hujali tena memori iliyopo, unajali iliyoongezeka kwa kazi ambayo ilitakiwa iwe imeshaisha.

Wazo ni hilo hilo kwenye prodakisheni ila huko Valgrind haiendi, ni nzito. Huko nimetegemea sana jemalloc, malloc mbadala, iliyokompailiwa na `--enable-prof`. Unaiingiza kwa LD_PRELOAD, unaweka `MALLOC_CONF=prof:true,lg_prof_interval:30` na inakuandikia faili kila inapopita GB 1 ya memori iliyotengwa. Haifuatilii kila malloc, inachukua sampuli, kwa kawaida wastani wa moja kila KB 512, ndo maana haiumizi seva. Unachukua faili la mapema na faili la baadaye alafu `jeprof --base=` ya kwanza, na inakutolea tofauti, fankisheni kwa fankisheni. Kama hutaki kubadilisha malloc kuna heaptrack, na kuna `memleak` ya bcc inayoning'inia kwenye prosesi inayoendelea kupitia eBPF, njia ya keneli ya kuchungulia programu. Ila sharti la zote: kompaili na `-g`, na ikiwezekana `-fno-omit-frame-pointer`, la sivyo utapata njia ya fankisheni iliyokatika katikati inakuambia tu malloc iliitwa na kitu fulani kisichojulikana. Watu wanaondoa simboli (majina ya fankisheni) ili faili liwe dogo alafu wanakuja kulia. Zihifadhi pembeni kama faili ni kubwa, ila ziwepo.

Tofauti kama hiyo ndo ilinionyesha liki ninayoikumbuka zaidi. Mstari wa juu kabisa ulikuwa ni kutengeneza sesheni, kawaida tu, sesheni zinatengenezwa muda wote. Ila tofauti ilikuwa inaongezeka kwa mwinuko ule ule wa grafu, na idadi ya watumiaji haikuwa imeongezeka. Sesheni ilikuwa inatolewa kwenye mapu klaienti akiaga au akifunga koneksheni. Sasa kuna klaienti wasioaga, mtandao wa simu umekatika, betri imeisha, kifaa kimehama mnara, na TCP haiwezi kujua. Hakuna FIN, hakuna RST, yaani ujumbe wa kufunga au kukata koneksheni, seva haina cha kutuma kwa hiyo haina cha kufeli, soketi inakaa ESTABLISHED na sesheni imekaa nayo. Keepalive (TCP kuuliza kama upande wa pili bado upo) ya Linux ikiachwa ilivyo inasubiri sekunde 7200 kabla ya kuuliza mara ya kwanza, na hata hiyo inafanya kazi ikiwa tu umewasha SO_KEEPALIVE kwenye soketi, na pale haikuwashwa. Dawa ilikuwa muda wa kikomo ndani ya protokali yetu wenyewe, klaienti akikaa kimya kupita kiasi anaondolewa. Hakuna leak checker duniani ingeona hiyo kwasababu kwa kodi, kila sesheni ilikuwa na mwenyewe.

Kuna siku huruhusiwi kuingiza chochote kwenye mashine, na seva inakaribia kufa, hapo nachukua `gcore` na kubaki na picha nzima ya memori. Njia ya haraka ni `strings` alafu `sort | uniq -c | sort -n`, maneno yaliyojirudia mara laki nyingi yanakuambia ni data gani imejazana. Ila kwa C++ kuna njia ninayoipenda zaidi: objekti yenye fankisheni za virtual inaanza na pointa ya vtable, jedwali la fankisheni hizo, ya klasi yake. Kwahiyo pita kwenye hipu (eneo ambalo malloc inatenga memori) nzima, hesabu namba za baiti 8 zinazojirudia sana, alafu ziulize gdb moja moja kwa `info symbol`. Itakujibu "vtable for" jina la klasi na "+ 16" mwishoni. Umepata klasi ipi ina objekti ngapi bila kuwa umejiandaa na chochote. Utahesabu na chache zilizokwishafutwa maana malloc haifuti maandishi yote ya zamani, ila kwa liki kubwa haijalishi. Na tafadhali tunza hiyo kor dampu kama siri, ndani yake kuna paswedi, funguo za TLS na data za watu, usiipeleke peleke.

Klasi ikishajulikana, kwenye C++ ya kisasa mtuhumiwa wa kawaida ni mzunguko wa `shared_ptr`, pointa inayohesabu walioishika objekti na kuifuta hesabu ikifika sifuri. Sesheni inashika taima, taima inashika kolbaki, kolbaki ni lamda iliyokamata `shared_ptr` ya sesheni ile ile. Hesabu haifiki sifuri milele. Weka `weak_ptr`, ambayo haiingii kwenye hesabu, ndani ya lamda na uifungue kwa `lock()` unapoihitaji, basi. Hii Valgrind inaweza kuiona ikiwa hakuna kinachoushika mzunguko toka nje, ila mara nyingi kuna foleni fulani inaugusa.

Kuna pia grafu inayopanda ambayo sio liki kabisa, ni malloc haijarudisha memori kwa keneli. Hipu kuu ya glibc kwa kawaida inapungua kutokea juu tu, kipande kimoja kidogo kilicho hai juu kabisa kinatosha kuzuia mamia ya MB zilizo huru chini yake. Kwenye mashine ya majaribio ita `malloc_trim(0)`, kwa gdb au kwa komandi uliyoijenga ndani ya seva. RssAnon ikishuka sana, hukuwa na liki, una memori huru iliyokatika vipande vipande. Hapo `MALLOC_ARENA_MAX=2` au kuhamia jemalloc vinasaidia sana. Usifanye kwa gdb kwenye prodakisheni, ukisimamisha seva wakati thredi imeshika kufuli la malloc unaweza kuikwamisha moja kwa moja.

Baada ya haya yote, kitu nilichokibadilisha kwenye seva zangu ni kaunta. Kila klasi muhimu, sesheni, rikwesti, bafa, ina namba ya ngapi ziko hai, inaongezwa kwenye konstrakta na kupunguzwa kwenye destrakta, na inatoka kwenye metriki pamoja na vingine. Ni gharama ndogo mno, na liki inaonekana kwa jina lake badala ya mstari wa memori usio na jina. Pamoja na hiyo kuna testi kwenye CI, mfumo unaopima kodi kila inapobadilika: washa seva, ipashe joto, rusha mchanganyiko wa rikwesti nzuri na mbovu, pima, rusha tena kiasi kile kile, pima, na ikizidi baiti chache kwa rikwesti testi inafeli.

Mwanzoni ile testi ilikuwa inapima RssAnon peke yake, baadae nikaiongezea idadi ya mistari ya `/proc/PID/maps`, orodha ya vipande vya anwani vya prosesi, na naomba na wewe uiongeze. Kulikuwa na moduli ya C iliyokuwa inaanzisha thredi kwa `pthread_create` kwa kazi fupi fupi bila `pthread_join` wala `pthread_detach`. Thredi inamaliza, haionekani tena kwenye `/proc/PID/task`, ila staki yake (memori ya kazi ya thredi) inabaki imetengwa ikisubiri mtu aje kuijoini. Kwa kawaida ni MB 8 za anwani kila moja, RSS yake ni kidogo sana, na zana za hipu hazioni kitu kwasababu staki haitoki kwenye malloc, inatoka kwa mmap. Pale kila staki ilikuwa inakula mistari miwili kwenye maps, staki yenyewe na ukurasa wa ulinzi, na kikomo cha kawaida cha `vm.max_map_count` ni 65530. Kwahiyo baada ya thredi kama elfu 32 hivi `pthread_create` inaanza kurudisha EAGAIN huku RAM iko tele, na mtu anaanza kulaumu mashine. Testi ilipoanza kuhesabu mistari, moduli ile ilifeli siku hiyo hiyo, na marekebisho yake yalikuwa ni kuongeza `pthread_detach` mahali pamoja.